Ndengu za Kumpelekea Mlima

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote za utoto wangu ni ya ndengu zikimwagwa ndani ya debe tupu. Mwanzo zinapiga kwa nguvu, chwaaa, kama mvua ya ghafla juu ya mabati. Kisha debe linapojaa, sauti inashuka, inakuwa nzito, mpaka mwisho unasikia tu mchakacho mdogo kama mtu anayetembea mchangani. Kwetu Kiambere mvua haiji ovyo. Kwa hiyo nilipokuwa mdogo sana, kila Cucu, nyanya yangu, alipomwaga ndengu ndani ya nyumba, mimi nilitoka mbio nje kuipokea mvua, mikono juu, nikakuta jua limekaa palepale na mbuzi wananitazama.

Wiki iliyopita Mama alinitumia ndengu kutoka nyumbani. Nikazimimina kwenye debe langu jikoni, na ile sauti ikanishika mkono. Nilikaa kwenye stuli nikacheka peke yangu, halafu nikalia kidogo, halafu nikacheka tena. Ndivyo nilivyo. Ninyi mliokua wakati mmoja nami, mliovaa sweta za kuazima na kwenda shule na mbaazi za kuchemsha mfukoni, mtanielewa.

Cucu alikuwa mama yake baba, na mimi na yeye tulikuwa na jina moja, kwa sababu kwetu msichana wa kwanza humrudisha nyanya yake. Alikuwa akiniita "mimi mdogo". Nikijikata kidole, alisema, "Mimi mdogo ameumia," na akashika kidole chake mwenyewe.

Kila asubuhi, kabla jua halijapata makali, Cucu alisimama kwenye uwanja wa kupuria akageukia upande wa mlima. Kutoka kwetu Mlima Kenya huonekana mbali sana, mdogo kama kifuniko cha sufuria, na hauonekani kila siku. Cucu alikuwa mtu wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani kila Jumapili, lakini sala ya asubuhi aliisali akiangalia kule, kama mama yake alivyofanya, na mchungaji hakuwahi kumuuliza.

Alimzungumzia mlima kama mtu. "Leo ametoka." "Leo amejifunika, labda amechoka na sisi." Ukipita msimu wa baridi na ule weupe wa juu ukaongezeka, alisema, "Ona, mvi zimemwingia." Basi mimi nikaelewa nilivyoelewa. Nikajua kule juu kunakaa mzee fulani, rika la Cucu, mwenye mji wake na mlango wake, anayetoka nje akipenda na kujifungia akikasirika. Sikumuuliza mtu. Mtoto haulizi kitu anachokijua.

Halafu macho ya Cucu yakaanza kuingia ukungu. Baba, ambaye kazi yake ilikuwa mbali na alikuja nyumbani mara mojamoja, alimpeleka kwa daktari, wakarudi. Nilimsikia akimwambia Mama kwamba ugonjwa ule umegunduliwa kwa kuchelewa, na mwanga uliobaki utaondoka polepole na hautarudi. Cucu alikuwa ameketi palepale akichambua ndengu. Akasema, "Semeni kwa sauti. Yanayokufa ni macho, si masikio."

Tangu siku hiyo kazi yangu ya asubuhi ikawa moja. Cucu anasimama uwanjani, ananishika bega, anauliza, "Ametoka?"

"Ametoka, Cucu. Mvi ziko upande wa kushoto."

"Asante, mimi mdogo." Kisha anasali.

Asubuhi moja alimaliza kusali lakini hakuondoka. Alikaza macho mpaka yakatoa machozi. Mama alikuwa akipita na ndoo. Cucu akamwambia, "Mama wa huyu, nataka kwenda kumwona."

"Kumwona nani, Mama?"

"Huyo." Akanyoosha kidole, na kidole kilikuwa kimekosea kidogo, kimeelekea kwenye mti wa jirani. "Nimemwangalia tangu niwe msichana na sijawahi kumfikia. Nataka nimwone karibu mara moja kabla haya macho hayajafungwa."

Mama aliweka ndoo chini. Nilidhani atacheka, maana kwetu nani hutoka nyumbani kwenda kutazama mlima? Watu husafiri kwenda msibani, hospitalini, sokoni au harusini. Lakini Mama alifuta mikono kwenye leso, akasema, "Basi tumpigie Rwamba."

Tata Rwamba ni dada yake baba, aliyeolewa Embu mjini na kukaa katika mtaa wa Dallas. Simu zilikuwa zimefika kwetu lakini mtandao ulikaa juu ya jiwe moja kubwa nyuma ya shule. Ukitaka kuongea na mtu, unapanda jiwe. Cucu alipandishwa, Mama akimsukuma na mimi nikivuta, akashika simu kwa mikono miwili kama kikombe cha uji.

"Rwamba! RWAMBA! Unanisikia?"

"Nakusikia, Mama. Usipige kelele, uko sikioni mwangu."

"Embu ni mbali, mwanangu! Lazima nipaze sauti!"

Mbuzi waliokuwa chini ya jiwe walitawanyika. Tata alifurahi mno kusikia mama yake anataka kutembea, akaanza kupanga palepale. Mje Ijumaa. Ijumaa mpumzike. Jumamosi twende sokoni, tule chipsi, tupige picha studio. Jumapili kanisani, halafu mrudi.

"Na mlima?" akauliza Cucu.

"Mlima gani tena? Mlima unaonekana hata hapa, Mama. Ukipanda juu ya gorofa unauona vizuri kabisa."

"Sikuzaliwa nipande gorofa. Nataka kumfikia."

Halafu ikaja sauti ya mwanamume. Ilikuwa ya Anko Njeru, mume wa Tata, aliyeuza viazi na karoti sokoni Embu. Alizungumza kwa adabu kubwa, kwa sababu anaongea na mama mkwe. Akasema Jumamosi yeye huenda Timau kuchukua viazi kwa pikapu. Kule mlima uko wazi, hauna msitu mbele yake. Lakini ni mbali, unapita Meru na bado unapanda. Tena ni baridi, na pikapu si gari la kumpandisha mama.

"Ina kiti?"

"Kiti kipo, Mama."

"Basi baridi niachie mimi."

Hapo ndipo shida ya kweli ilipoanza. Kiti cha mbele kilikuwa kirefu, cha watu watatu, na kwetu mwanamume hakai akigusana bega na mama mkwe wake hata dunia ikipinduka. Mama na Tata walirudi kwenye simu mara nyingi kwa sababu ya bega hilo. Mwishowe wakakubaliana kwamba Tata atafunga kibanda chake cha mboga siku hiyo, akae katikati kama ukuta.

"Na huyu mtoto?" Mama akauliza. Nilikuwa nimeshikilia sketi yake. Mpaka hapo hakuna aliyenitaja.

"Mtoto abaki," ikasema simu. "Atakaa wapi?"

Cucu akaichukua simu. "Rwamba, mimi bila mimi mdogo nitaona na nini?"

Basi nikapewa nafasi nyuma, pamoja na magunia.

Siku za maandalizi zilikuwa tamu pengine kuliko safari yenyewe. Mama aliniazimia sweta ya kwaya, rangi ya damu ya mzee, mikono imenizidi. Cucu alitandika makoti mawili ya baba kitandani, akayapapasa, akauliza lipi lina joto. Sisi wa Kiambere tulikuwa tunajua nini kuhusu baridi? Jirani mmoja alimshauri Cucu ajipake mafuta ya mbuzi, mwingine akasema Timau masikio hukatika mtu asipoyafunga, na nililala nimeyashika.

Kisha wakapakia zawadi. Ndengu zikamwagwa kwenye kiondo, chwaaa. Juu yake ikaja chupa ya asali, njugu, na jogoo aliyefungwa miguu. "Mama," nikauliza, "hizi zote ni za Tata?"

"Sasa ni za nani tena?"

Nikachungulia kiondoni tena. Nilikuwa nimefundishwa tangu nijue kutembea kwamba kwa mtu huendi mikono mitupu. Hata ukienda kuomba moto kwa jirani unabeba kuni kidogo. Na hapa tunaenda kwa mzee mkubwa, aliyesalimiwa na Cucu maisha yake yote, na hakuna aliyemfungia hata njugu! Nikadhani wakubwa wamesahau kwa sababu ya mambo mengi. Nikachota ndengu kwa mkono, nikazitia mfukoni mwa sweta, nikafunga mfuko kwa pini. Sikumwambia mtu, nisimtie Mama aibu.

Ijumaa Mama alitupandisha matatu mimi na Cucu, yeye akabaki na mbuzi. Embu niliiona kitu kimoja kimoja, kama mtoto anavyoona. Maji yalitoka ukutani. Taa ikawaka kwa kidole, nikaiwasha na kuizima mpaka Tata akasema, "Wewe, hiyo si kengele!" Cucu aliketi kwenye ukingo wa sofa, mgongo wima, akikataa kuegemea vitambaa vilivyofumwa asije akavichafua. Kiondo kilipofunguliwa Tata alipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Jioni tukaletewa chipsi. Cucu akakipapasa kimoja, akakitafuna polepole.

"Rwamba, hivi viazi vimekosa nini mpaka viadhibiwe hivi?"

Tata alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini nilimwona baadaye akimtazama mama yake akitafuta kikombe mezani kwa vidole, kikombe kilichokuwa mbele yake kabisa, na kicheko kikamwisha.

Asubuhi tukaondoka. Anko Njeru kwenye usukani, Tata katikati akiwa ukuta, Cucu dirishani, na mimi nyuma juu ya magunia matupu, nimefunikwa turubai hadi shingoni. Chuka ikapita, migomba ikapita, Meru ikapita na watu wake wengi. Halafu pikapu ikaanza kupanda kweli, na hewa ikawa kama imetoka kisimani. Nilipofunua turubai, tulikuwa Timau, na ngano imetandazwa hadi mbinguni. Sikuwa nimewahi kuona shamba lisilo na mwisho. Kwetu shamba linaisha kwenye jiwe.

Pikapu ikasimama kando ya shamba la viazi. Nikaruka chini, nikazunguka kumshikia Cucu mlango, kisha nikageuka kumtafuta mzee wetu.

Hakuwepo. Palikuwa na wingu tu, jeupe na zito, limeketi juu ya ngano kana kwamba halina nia ya kuinuka.

Cucu alinishika bega.

"Ametoka?"

Sikuwa nimewahi kulichukia jibu langu kama siku ile. "Amejifunika, Cucu."

"Tutangoja."

Tukangoja. Wanawake waliokuwa wakichagua viazi walitusalimu kwa Kimeru, "Muga!", na Cucu akawajibu kwa Kimbeere, wakaelewana wakicheka. Mmoja wao, mnene, mwenye koti lisilo na vifungo alilolifunga kwa kamba, alimletea Cucu gunia la kukalia na chai kutoka kwenye chupa yake.

"Cucu, mmekuja kununua viazi?"

"Hao ndio wanaonunua. Mimi nimekuja kumwona huyu."

Nilitazama kama mama yule atacheka. Hakucheka. Aliangalia lile wingu kwa muda, akasema, "Asubuhi alikuwa nje. Lakini akishajifunika hivi, mara nyingi ni mpaka kesho. Leo amekataa."

Amekataa! Neno hilo liliniingia kama mwiba. Bila shaka amekataa, nani angefungulia wageni waliokuja mikono mitupu? Nikashika mfuko wangu wenye pini. Nilitaka kumpa ndengu zake, lakini nitazipitisha wapi? Nilikuwa nimetarajia mlango, lango, mtu wa kupokea. Palikuwa na ua wa seng'enge tu, ngano, na lile wingu. Nikasogea mpaka kwenye ua, nikarudi. Nikasogea tena, nikarudi. Tata akaniuliza kama nataka kwenda haja.

Magunia yakapakiwa. Anko Njeru alizunguka pikapu akikaza kamba, akazunguka tena akikaza kamba zilizokwisha kukazwa, na mimi mtoto nilijua anachelewesha. Mwishowe akasema kwa upole, akiangalia chini kama inavyompasa mkwe, "Mama, samahani. Njia ni ndefu."

Cucu akainuka. "Twende. Nimesikia pumzi yake usoni. Inatosha." Alisema kwa uchangamfu kabisa. Lakini alipotafuta mkono wa mlango aliukosa, akautafuta tena, akaukosa, na Tata akamsaidia. Yule mama wa koti la kamba akamwekea viazi kwenye leso yake, akamfungia vizuri. "Usirudi mikono mitupu, Cucu."

Tukaondoka. Nilikaa juu ya magunia ya viazi, mgongo kwa dereva, nikiiangalia Timau ikirudi nyuma. Nililia ndani ya turubai. Nilijua kuwa kesho haipo. Macho ya Cucu hayakuwa na kesho nyingi, na mwenye kosa ni mimi, niliyeziweka ndengu mfukoni kama mchoyo. Ndivyo nilivyoamini.

Nilipofuta macho kwa mkono wa sweta, wingu lilikuwa linapasuka.

Lilipasuka taratibu, kama maziwa yanapogawanyika kwenye sufuria. Kwanza jiwe jeusi. Halafu jiwe jingine. Halafu ule weupe, si mdogo kama kifuniko, bali mkubwa, unaong'aa, karibu mpaka nikahisi ananitazama mimi na sweta yangu ya kwaya. Niligeuka nikapiga paa la pikapu kwa ngumi zote mbili.

"Ametoka! Cucu! AMETOKA!"

Breki zikalia. Anko Njeru akaruka nje, uso umemwisha damu. "Umeanguka? Nani ameanguka?"

"Ametoka!"

Akageuka, akaona. Na hapo nilimwona Anko Njeru, mtu wa adabu zake, akikimbilia mlango wa upande ule mwingine, akimshika mama mkwe wake mkono, akimshusha na kumwongoza kando ya barabara, bega kwa bega, huku Tata aliyekuwa ukuta amebaki ndani ya gari mdomo wazi.

Nikateremka nikasimama mbele ya Cucu. "Kushoto kidogo, Cucu. Inua kichwa. Hapo."

Akainua kichwa. Upepo ukamvua kitambaa, hakukishika. Nilikuwa naogopa kwamba anaangalia tu, haoni.

Kisha akasema polepole, "Kumbe hayuko peke yake. Ana mdogo kando yake."

Nikatazama. Ilikuwa kweli. Karibu na kile kilele kikubwa palikuwa na kingine kidogo, kimesimama kama mtoto aliyeshikwa bega. Kutoka kwetu hakionekani. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Tata, aliyekuwa ametufikia, alifunika uso kwa viganja.

Cucu akaniwekea mkono begani, akasali. Ilikuwa sala ya kawaida ya kila asubuhi, ingawa ilikuwa alasiri, na mwishoni akaongeza asante nyingi, kwa pikapu, kwa mkwe wake, kwa mama wa koti la kamba, na kwa mimi mdogo. Wingu likarudi tukiwa bado tumesimama pale, nasi tukarudi garini. Kitambaa tulikikuta kimenaswa kwenye seng'enge.

Nyumbani Kiambere, Mama alipotaka kufua sweta ili airudishe, akakuta pini. Ndengu zikamwagika sakafuni. Nikaangua kilio. Nikaeleza yote, mzee, mji wake, mlango, zawadi, jinsi nilivyosahau kumpa hata alipotoka. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Cucu hakucheka sana. Alinivuta kwake, akapapasa uso wangu ulioloa.

"Alitoka bila kupewa kitu?"

"Ndiyo, Cucu."

"Basi umemjua kuliko mchungaji." Akaziokota ndengu moja moja sakafuni kwa vidole vyake vilivyokuwa vimeanza kufanya kazi ya macho. "Hizi zimefika Timau. Haziliwi. Tuzipande."

Tukazipanda nyuma ya jikoni. Kabla ya mavuno mengine mawili macho ya Cucu yalifungika kabisa. Lakini asubuhi bado alisimama uwanjani na kuuliza, "Ametoka?" Nikimjibu, anauliza tena, "Na yule mdogo?" Nami namwambia hatumwoni kutoka hapa. "Wewe humwoni," anasema akitabasamu, "mimi namwona." Aliendelea hivyo mpaka alipotuacha, na tulimzika amelala akiangalia upande ule, Mama ndiye aliyesimamia.

Shule yangu haikufika mbali. Nilitafuta kazi, na maisha yana utani wake, kazi niliyoipata ni kwenye shamba la maua huku Timau. Nina koti lenye vifungo vyote. Nina ndoto nyingi, nyingine za kuchekesha, nitawasimulia nikipata nafasi ya kuzitimiza. Mama anaapa ndengu alizonitumia ni za mbegu ileile ya nyuma ya jikoni. Mimi siamini sana, panya na ukame vimepita hapo katikati, lakini sikumbishia.

Leo niliamka mapema kabla ya wenzangu. Alikuwa nje, yeye na yule mdogo, hawana hata uzi wa wingu. Nikachota ndengu kutoka kwenye debe, kiasi cha mfuko wa sweta ya mtoto, nikatembea hadi kwenye ua wa seng'enge, nikapitisha mkono katikati ya nyaya, nikaziweka chini upande wa pili.

"Ametoka, Cucu," nikasema. Kisha nikapangusa mikono, nikaenda kazini.